Mwanamke Hafunuliwi

Lori lilikuwa limeshatoka ghalani. Eddah alilisikia kabla ya wale waliombeba, maana mtu aliyelala chali ndani ya jeneza hana kazi nyingine ila kusikiliza.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, msomaji. Yu hai, kazungushiwa sanda hadi kidevuni, panga ubavuni, mkasi wa kukatia chuma katikati ya magoti. Juu yake matao ya fito, na juu ya fito nguo ya kijani, kama lilivyo jeneza la mwanamke pwani yote, ili umbo lake lisionekane na macho ya njiani. Wanaume wanne wamempandisha mabegani. Njia ya vumbi ya Timbwani ni nyembamba, na lori linawajia uso kwa uso.

"Lapunguza mwendo?" alinong'ona.

"Maiti hazungumzi," alijibu Ishaka.

Ishaka ndiye mtunza jeneza la msikiti. Leo amelitoa bila idhini ya mtu yeyote, na anajua atakachoulizwa kesho. Lakini mpwa wake alipandishwa lori kama hili mwaka juzi, na mpaka sasa hata nguo yake haijarudi.

"Kaingu, ongeza sauti," alisema. "Na useme vizuri. Toka tulipotoka nyumbani wasema kama muuza mkaa."

"La ilaha ila..."

"Illallah. Vuta. Wamsindikiza mtu, humfukuzi kuku."

Kaingu alivuta. Yeye ni mtu wa Kaloleni, mwimba kwaya wa Kisauni, na maneno haya alifundishwa asubuhi ya leo. Masha, kaka yake Eddah, ni rafiki yake tangu utotoni. Masha yumo ndani ya lori hilo. Kwa sababu hiyo Kaingu angekubali kufundishwa lolote.

Ubavuni mwa lori pameandikwa SAMAKI. Ndani hamna samaki. Mna vijana wa Likoni, wa Ukunda, wa Changamwe, walioahidiwa kazi za hoteli na sasa wamefungwa miguu kwa mnyororo mmoja mrefu. Lori likifika lami litashika ile barabara mpya ya Dongo Kundu, likwepe kivuko na macho yake, litokee ng'ambo Port Reitz. Kutoka hapo ni kaskazini moja kwa moja, mpaka ile nchi tuliyokubaliana tangu mwanzo kutoitaja jina.

Nchi hiyo vita vimeipasua katikati. Upande wa kusini una jenerali anayesema anapigana ili utumwa uondoke. Upande wa kaskazini una jenerali anayesema hakuna utumwa wa kuondolewa. Wote wawili wananunua watu.

Eddah alikaa huko, akiosha mchanga wa dhahabu mtoni chini ya bunduki. Alirudi na vidole vitatu katika mkono wa kushoto. Siku hizi anapinda shaba Bombolulu, anatengeneza herini, na wateja humwuliza kama alizaliwa hivyo. Huwajibu ndiyo.

Lori likasimama. Mngurumo ukazimwa.

Hilo walilitegemea. Hakuna dereva wa Likoni anayelipigia jeneza honi, na hakuna Mwislamu anayekutana nalo njiani akakaa garini huku wenzake wanabeba. Abdulghani dereva atashuka atie bega, Ishaka atamtia kamba, na ufunguo utakuwa mikononi mwao. Ngowa, mlinzi mwenye bunduki juu ya kibanda cha lori, atakuwa amevua kofia na kuangalia pembeni kwa adabu. Huo ndio uliokuwa mpango.

Milango ilifunguka miwili.

"Assalamu alaikum," ikasema sauti.

Haikuwa sauti ya dereva. Ilikuwa sauti ya Suleiman, mwenye lori, na Suleiman walikuwa wamehakikishiwa kwamba yuko Port Reitz, anagawa unga kwa wajane.

"Wa alaikumu ssalam," Ishaka akajibu.

"Nipishe bega, mzee wangu. Umechoka."

"Sijachoka bado."

"Hata mimi nataka thawabu. Au ni zako peke yako?"

Jeneza likainama upande, likakaa sawa. Suleiman ameingia mbele, upande wa kichwa. Bega la mtu aliyemkata vidole liko chini ya shingo yake, na kiganja chake kimeshika mti wa jeneza shubiri moja kutoka sikioni mwake. Kwa upenyo wa nguo aliiona pete ya akiki nyekundu. Aliijua pete ile. Ilikuwa kwenye mkono ulioshika mpini wa panga siku ile mtoni.

"Nani aliyetutangulia?" Suleiman aliuliza, wakianza kutembea.

"Mwanamke," Ishaka alisema. "Mgeni. Hana watu hapa."

"Basi sisi ndio watu wake. Mwepesi huyu."

"Aliugua sana."

"Mungu amsamehe." Akakohoa. "Mimi ni mtu wa kuuliza sana, lakini huyu simwulizi. Mwanamke hafunuliwi."

Kaingu, nyuma, alizidisha sauti kwa hofu. Safari hii aliyatamka maneno sawasawa. Abdulghani dereva naye alitia bega. Walisogea kando ya lori, wakaanza kulipita, na Eddah akaona kwamba huenda wakapita hivi hivi, wakafika nyuma, kwenye kufuli.

Ndipo aliposikia kilio.

"Mwanangu wee. Mwanangu, waniacha na nani?"

Alikuwa mama yake.

Walimwambia Nyamvula abaki nyumbani kwa Ishaka, afunge mlango, asubiri. Aliapa kwa Biblia kwamba atabaki. Lakini alichungulia dirishani akaona binti yake wa pekee kavishwa sanda, kabebwa na wanaume wanne, na miguu yake haikumsikiliza. Kwao Kaloleni mama humsindikiza mwanawe mpaka shimoni. Angejuaje, msomaji, kwamba upande huu wanawake hubaki nyumbani, na kwamba jeneza la Kiislamu lenye mwanamke anayelia nyuma yake ni jeneza la uongo?

Suleiman alisimama.

"Mzee Ishaka. Ulisema hana watu."

"Hana."

"Na yule mama?"

"Jirani."

"Jirani kichwa wazi, leso kiunoni, analiandama jeneza barabarani?" Hakupandisha sauti. "Mimi nimezika watu wengi wa Timbwani. Sijamwona jirani wa namna hiyo."

Kaingu alinyamaza katikati ya neno.

"Mwekeni chini," alisema Suleiman. "Abdulghani, rudi garini. Leo tutamfunua."

Mkono mmoja ulibaki kwenye mti wa jeneza. Wa pili uliingia mfukoni mwa kanzu, na Eddah alijua kilichomo mfukoni.

Hakungoja kuwekwa chini. Alilivuta panga, akalipitisha kwenye upenyo wa nguo, akalishusha juu ya ule mti wa jeneza kwa nguvu zote za mtu aliyelala.

Vidole vitatu vilimwangukia kwenye sanda. Kimoja kilikuwa bado na pete.

Suleiman alipiga ukelele na bastola ikalia ndani ya mfuko. Risasi ilimpata pajani mmoja wa wale wabebaji wawili wa Mtongwe. Jeneza likaanguka, fito zikavunjika, na Eddah akatoka katikati ya nguo ya kijani akiwa na sanda mwilini na panga mkononi.

Abdulghani hakuuliza kitu. Alitupa ufunguo wa lori, akakimbia kuelekea pwani huku akisoma kila aya aliyowahi kufundishwa chuoni.

"Eddah wa mtoni," alisema Suleiman. Alikuwa amepiga magoti, kanzu imelowa nyekundu. "Ningekata shingo siku ile."

"Ungekata."

Bastola ilikuwa imedondoka mavumbini. Suleiman alinyoosha mkono wa kushoto kuifuata. Eddah alimpiga panga la bega; Suleiman akainama, akanyoosha tena. Eddah akampiga la shingo. Hakunyoosha tena.

Juu ya kibanda Ngowa alikuwa ameshaweka kofia kichwani. Bunduki ilikohoa mara mbili. Ya kwanza ilichimba mchanga. Ya pili ilimpata Kaingu shingoni.

Kaingu alikaa chini polepole, kama mtu anayetafuta kivuli. Aliangalia mikono yake. Midomo ilikuwa ikicheza, na Ishaka aliyemwinamia anasema mpaka leo kwamba neno lilikuwa lile lile la asubuhi, na kwamba alilivuta vizuri.

"Nenda mlangoni," Ishaka alimwambia Eddah. "Huyu wa juu niachie mimi."

"Una nini wewe?"

"Nina mawe."

Akaanza kurusha. Mzee yule alikuwa na mkono mzito. Jiwe la kwanza lilivunja kioo, la pili likampata Ngowa mdomoni.

Eddah alizunguka nyuma ya lori akiwa na mkasi wa chuma. Mama yake alikuwa ameshafika, anakwaruza mlango kwa kucha.

"Mayo, ondoka."

"Siondoki. Masha yumo."

"Najua yumo. Nipishe nikate."

Kufuli lilikuwa nene. Kwa vidole vitatu aliushika mpini mmoja, mwingine akauegemea kwa kifua mpaka mbavu zikalia. Chuma kikakatika. Mlango ukafunguka na baridi ya barafu ikawapiga usoni.

Masha alikuwa amesimama mbele kabisa. Mguuni hakuwa na mnyororo. Mkononi alikuwa na kipande cha mpira wa maji kilichofungwa waya, na kiunoni kisu.

"Kaka," alisema Eddah. "Shuka. Amekufa Suleiman."

"Nani kakwambia nataka kushuka?"

Nyuma yake, gizani, watu walikuwa wamekaa wamebanana, nyuso zimevimba. Msichana mmoja wa Ukunda, jina lake Zuleikha, jicho lake halikufunguka.

"Masha," alisema mama yake. "Mwanangu. Wamekufanya nini?"

"Wamenifanya mnyapara. Kule nitapewa watu wangu mwenyewe wa kusimamia, na bunduki. Hapa nilikuwa nani? Mbeba magunia Changamwe, kila mwenye tai ananiita wewe." Akageuka kwa dada yake. "Wewe ulikwenda kijinga ndiyo maana ulirudi nusu. Mimi naenda na akili."

"Unajua wanachofanya huko. Nilikwambia. Nilikuonyesha mkono."

"Ulinionyesha. Ndiyo nikachagua upande wa panga usionikata mimi."

Alimchapa mpira usoni. Nyama ya shavu ikafunguka. Alipoinua tena, mama yake aliparamia lori na kumshika mguu, naye akamsukuma kwa teke la kifua kama anavyosukumwa mbuzi.

Hilo teke ndilo lililomaliza maneno. Eddah aliushika mkasi kwa mikono miwili, akampiga nao kichwani, juu ya sikio. Masha alianguka kifudifudi mpaka barabarani.

Kisha akapanda, akaukata mnyororo.

Watu walitoka kama maji. Wengine walikimbia bila kuangalia. Wengi hawakukimbia. Walisimama juu ya Masha, wakaanza kumpiga mateke, kimya kimya, kwa zamu.

"Huyu ndiye," alisema Zuleikha. "Huyu ndiye aliyetuandikisha. Alikula kwetu. Mdogo wangu alipokufa humo ndani jana, alimkalia."

Nyamvula alijitupa juu ya mwanawe. Mateke yakawa yake.

"Nipigeni mimi. Nimemzaa mimi."

Bunduki ikalia tena. Ngowa alikuwa ameshuka kibandani, damu mdomoni, anazunguka lori. Kijana mmoja alianguka. Wenzake waliangaliana, wakamwacha Masha, wakamwendea Ngowa wote kwa pamoja na ule mnyororo wao wenyewe. Alipiga risasi moja zaidi. Baada ya hapo zilisikika sauti za mnyororo tu.

Timbwani nzima ilikuwa imeshatoka. Watu walikuwa wanakuja kutoka pande zote mbili za njia, na mbele yao vijana wawili wanasukuma tairi bovu la gari. Huku kwetu tairi likija namna hiyo, kila mtu anajua ni la nini.

Eddah alitazama tairi. Akamtazama kaka yake, aliyekuwa akipumua kwa povu. Akamtazama mama yake.

"Mzee Ishaka," alisema. "Jeneza."

"Limevunjika fito."

"Fito mbili zimebaki."

Ishaka alielewa, na akatikisa kichwa. "Mara ya kwanza nilimdanganya Suleiman. Hii ya pili nitakuwa namdanganya nani? Yule Kaingu pale ndiye maiti. Yeye ndiye wa kubebwa."

"Kaingu hatachomwa moto."

"Huyu astahili moto."

"Anastahili," alisema Eddah. "Lakini nilimwahidi mama nitamrudisha. Sikumwambia nitamrudisha akiwa mtu mwema."

Mzee aliinama juu ya Masha. Kisha akashika upande wa miguu.

Walimviringisha kwa sanda ile ile aliyokuwa nayo Eddah, wakasimamisha fito mbili, wakatanda nguo ya kijani. Tairi lilipofika nyuma ya lori, jeneza lilikuwa mabegani, Ishaka mbele, Eddah nyuma na leso ya mama yake kichwani, kaifunga kama kilemba cha kiume, wale watu wawili wa Mtongwe katikati, mmoja akichechemea.

"Yuko wapi yule mnyapara?" watu waliuliza.

"Amekimbilia pwani," alisema Ishaka. "Na dereva."

"Na humo mna nani?"

"Mwanamke."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Wenye mawe walitupa mawe, wakatia mabega. Hata mmoja wa wale wenye tairi aliliegemeza ukutani, akaja kupokea. Wakambeba Masha kwa heshima zote, bega kwa bega, wakimwombea, na Kaingu aliyekufa kweli akabaki mavumbini, nzi usoni, mpaka mwanamke mmoja muuza viazi alipomfunika kwa kanga.

Nyamvula alifuata jeneza. Katika zogo lile hakukatazwa na mtu, na hata angekatazwa asingesikia. Alilia, na safari hii, kama ile ya kwanza, hakuwa anaigiza.

Zuleikha alikuwa amekaa kando ya njia, mguu bado una pete ya chuma. Aliliangalia jeneza likipita. Akamwangalia yule mama, kichwa wazi, anatembea nyuma ya maiti ya mwanamke. Zuleikha alizaliwa Ukunda. Anazijua mila za mazishi vizuri kama alivyozijua Suleiman.

Aliinuka. Akatembea sambamba na Eddah, akachechemea hatua kadhaa, akatia kiganja kwenye mti wa jeneza.

"Ni yeye," alisema kwa sauti ya chini.

Eddah aliendelea kutembea.

"Nikipiga kelele hapa, dada, watamshusha."

"Najua."

"Mdogo wangu hakupata jeneza." Jicho lake zima lilikuwa kavu. Aliangalia mkono wa Eddah, vile vidole vitatu, akaangalia shavu lililofunguka. "Wewe ndiye uliyenikata mnyororo. Kwa hiyo nitakupa kitu. Mmembeba kama maiti, basi ni maiti. Maiti huliliwa arubaini. Mwacheni mama yake amlilie arubaini yake."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nitakuja."

Akaondoa kiganja, akarudi kukaa kando ya njia.

Yaliyowapata wote ni haya.

Suleiman alizikwa Port Reitz kabla ya jua kuzama. Wajane waliokuwa wakipewa unga walilia, na hawakukosea, kwa sababu unga ulikuwa wa kweli.

Ngowa hakutambuliwa uso. Mkewe alimtambua kwa kiatu.

Abdulghani alikamatwa Lunga Lunga akijaribu kuvuka mpaka. Alisema yeye ni dereva wa samaki. Kesi inaendelea.

Kaingu alizikwa Kaloleni na kwaya yake. Wanawake walimsindikiza mpaka shimoni, Nyamvula mbele yao. Ishaka alikwenda pia. Alisimama mbali kidogo.

Msikitini Ishaka alinyang'anywa kazi ya jeneza. Jeneza lenyewe lilioshwa mara saba na kuwekewa fito mpya. Mtu wa Mtongwe aliyepigwa risasi alikatwa mguu. Wengi wa vijana wa lorini walirudi kwao. Wawili walipanda lori jingine.

Jenerali wa kusini ameuteka mji wa jenerali wa kaskazini, na ameahidi uhuru.

Nyamvula hakwenda tena kanisani. Hupika uji mwingi kuliko unaoliwa na watu wawili.

Eddah alishonwa shavu. Amepanga chumba cha pili Bombolulu, nyuma ya kile chake, na dirisha lake amelipigilia mbao. Mlango una kufuli nene, na ufunguo anauvaa shingoni usiku na mchana. Ndani yumo Masha. Sikio moja halisikii. Kila jioni humwita dada yake mnyapara, na Eddah humpitishia sahani chini ya mlango.

Arubaini, ambayo Eddah alikuwa amemweleza mama yake, imetimia jana. Nyamvula alikuwa anakoroga uji, Eddah anapinda shaba, na jua lilikuwa bado halijafika utosini uliposikika mlio wa chuma kikiburuzwa kwenye saruji ya uani. Ulikuwa mlio wa pete ya mguuni, ambayo mwenyewe hakutaka ikatwe.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamke.

Mama na binti walitazamana. Kisha Nyamvula akanyoosha mkono, akamwomba binti yake ule ufunguo, afungue yeye mwenyewe.